Jipi Juu ya Mawe Manne

Isanga, Mbeya
9 Januari 1956

Kwa Fundi Yohane Kalinga, Iringa

Fundi,

Hatujuani, kwa hiyo nakusalimu kama mtu anayebisha kwenye nyumba ngeni: hodi hapo, wewe na wote wa nyumbani mwako.

Jina langu ni Damari. Ni mjane wa Jailos Mwambene, aliyekuwa akifunga vidonda kwenye zahanati moja hapa Mbeya. Alifariki Juni mwaka jana. Jina lako nimelikuta kwenye risiti ndani ya mfuko wa koti lake: mkanda mmoja wa feni, mwaka 1951. Chini yake uliandika kwa mkono, “Usiukaze sana.” Nikaona kwamba mtu anayemwonya mteja baada ya kumwuzia ni mtu wa kuandikiwa barua.

Jailos ameniachia jipi la jeshi alilonunua mnadani baada ya vita. Injini ni nzima, huwashwa kila Jumamosi. Alipokuwa hai alikuwa akivua kofia kila lilipowaka, kana kwamba mkubwa fulani ameingia. Lakini halina magurudumu. Aliyaazimisha usharika yabebe matofali ya kanisa, yakabeba miaka miwili hadi rimu zikapasuka zote nne, na wahunzi wakazigawana. Kanisa ni zuri sana. Gari liko juu ya mawe manne.

Sasa shida yenyewe. Shemeji yangu Abrahamu, kaka mkubwa wa Jailos, anakaa Tukuyu. Kwenye kikao cha ukoo alisema gari lisilotembea si gari, ni banda, na yeye ana kuku arobaini wanaoliwa na vicheche. Wazee wakakata shauri hivi: Jumamosi ya tarehe 24 Machi tutaweka msalaba kwenye kaburi la Jailos pale kanisani. Siku hiyo gari likienda kanisani na kurudi kwa nguvu zake lenyewe, ni langu. Likishindwa, ni la Abrahamu, na mimi nitahamia kwake Tukuyu.

Abrahamu si mtu mbaya. Ana nyumba kubwa na ameniahidi chumba chenye madirisha mawili. Lakini mimi ni mshonaji. Nashona kaptura na mashati, na kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukiyapeleka Chunya kwa wachimba dhahabu. Bila gari hakuna Chunya, na bila Chunya siwezi kukaa nyumbani kwangu.

Naomba magurudumu manne ya jipi yanayoenea.

Damari Mwambene


Iringa
16 Januari 1956

Kamwene, Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa masikitiko, ya pili kwa kalamu. Jailos namkumbuka. Alinunua mkanda wa feni akanishukuru kana kwamba nimempa ng'ombe. Poleni sana.

Sasa tuje kwenye kazi. Umeniandikia “jipi.” Mama, jina la gari halinisaidii kitu. Magari haya ya vita yamepita mikono mingi. Nimeona jipi lenye ekseli ya Landrova, na nimeona Landrova yenye injini ya kusagia mahindi. Mwaka juzi mtu wa Igawa aliniagiza magurudumu kwa jina, nikampelekea kwa jina, hayakuingia. Alikuja hadi hapa kunitukana, akakaa siku mbili, akila kwangu. Tangu siku hiyo mimi situmi kitu kwa jina, natuma kwa kipimo.

Ukubwa wa rimu haunisumbui, magari haya yote ni inchi kumi na sita. Kinachosumbua ni bolti. Zako bila shaka ni tano. Lakini ni tano zilizopangwa kwenye duara la upana gani? Wala usiniandikie namba. Bolti zikiwa nne au sita, unapima moja hadi mwenzake wa ng'ambo, unamaliza. Zikiwa tano, hakuna inayotazamana na nyingine, na kila mtu anapima uongo wake. Nitumie duara lenyewe. Kata karatasi ngumu, ukingo wake upite katikati kabisa ya bolti zote tano, na utie alama tano mahali zilipo.

Tena, mwambie dereva wako afungue nati zote, azioshe kwa mafuta ya taa, aangalie kama uzi wake, ile mistari ya ndani, ni mzima. Gari likisimama muda mrefu nati hukamata. Madereva wengi ni wavivu wa kazi hii. Umsimamie.

Y. Kalinga, Fundi


Isanga, Mbeya
24 Januari 1956

Fundi Kalinga,

Asante kwa kunieleza vizuri. Ndani ya bahasha utakuta duara. Nilianza kwa kubandika karatasi juu ya bolti nikaibonyeza kwa kiganja, alama zikatokea. Lakini karatasi ile ilijaa grisi, nikaona aibu kuituma kwa mtu nisiyemjua. Kwa hiyo nimechora upya kwa chaki kwenye karatasi safi ya kaki, nikakata kwa mkasi mzuri, na zile alama tano nimezichanja ukingoni. Kukata karatasi ni kazi yangu, usiwe na wasiwasi.

Dereva amesikia ulivyomsema. Hakukasirika sana.

Jailos alikuwa amezirudisha nati zote ishirini mahali pake na kuzipaka grisi, ili zisipotee. Alikuwa akizihesabu kwa sauti, kama watoto wa shule ya Jumapili wanavyohesabu amri. Nati za upande wa kulia zimefunguka bila taabu. Za kushoto zimekataa kabisa. Dereva ameshinda nazo tangu Alhamisi.

Jumamosi Abrahamu alipita kunisalimu. Alipoona kazi ile alivua koti.

“Shemeji, toka hapo. Hii ni kazi ya kiume.”

Akaingiza spana, akaingiza bomba refu kwenye spana, akalikalia bomba.

“Unasikia? Inalegea!”

“Shemeji, naona ni bomba linalopinda.”

“Ni nati! Mimi nimefungua nati kabla hujaolewa.”

Akaruka juu ya bomba mara nne. Mara ya tano bomba lilimtupa kwenye maharage yangu. Aliinuka akasema gari hili limekwisha kuota mizizi, akachukua fimbo yake akalipima urefu na upana, akiandika kwenye kikaratasi. Nilimwuliza anaandika nini. Akasema, “Nahesabu viota.”

Tafadhali nisaidie.

Damari


Iringa
31 Januari 1956

Kamwene, Mama,

Nimecheka hadi mke wangu Evarista akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Mwambie dereva wako hivi. Waamerika waliotengeneza jipi waliogopa nati za kushoto zisijifungue zenyewe gari likikimbia. Kwa hiyo uzi wa upande huo wameugeuza. Nati za kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao nyingine zote duniani hufungwa. Maana yake shemeji yako hakuwa akifungua, alikuwa akikaza. Je, ni mtu mzito? Kama ni mzito, tieni mafuta ya taa leo, na kesho, na keshokutwa, ndipo mjaribu.

Dereva asiyejua jambo hili amejifunzia wapi? Ningekuwa wewe ningeiangalia leseni yake.

Karatasi imefika. Kazi safi, sijapata kuona duara kama hili. Lakini imenishangaza. Jipi hupimwa inchi tano na nusu. Karatasi yako inasoma sita na nusu kamili, nimepima mara tatu. Hicho ni kipimo cha Landrova. Ndiyo sababu nilikuambia majina hayanisaidii! Bila shaka mtu fulani alimwuzia marehemu jipi lenye ekseli zilizobadilishwa.

Una bahati. Ninayo manne ya Landrova ya wapima ardhi iliyobiruka kwenye mteremko wa Kitonga. Gari lilikufa, magurudumu hayakukwaruzika hata kidogo, na matairi bado yana meno. Nimeyaweka juu ya karatasi yako moja moja: matundu na alama vinakutana kama sufuria na kifuniko chake. Yanaondoka kesho kwa lori la mchele.

Kazi imekwisha, Mama. Tarehe 24 Machi mtaniombea.

Y. Kalinga, Fundi


Isanga, Mbeya
14 Februari 1956

Fundi Kalinga,

Magurudumu yamefika, mazuri, meusi, yananukia mchele. Majirani walikuja kuyagusa.

Nati za kushoto zilikubali siku ya nne, kwa jinsi ulivyosema. Moja tu ilikuwa imekazwa mno. Hiyo ndiyo Abrahamu aliyoirukia. Ilipofunguka ililia kama mbuzi.

Fundi, najua una shughuli nyingi, na sitaki kukuudhi. Magurudumu hayaingii.

Tulianza na la mbele kulia. Halikuingia, tukadhani tumechoka. Tukajaribu la nyuma, tukajaribu kushoto, tukajaribu baada ya kunywa chai. Matundu yote matano yapo, na bolti zote tano zipo, lakini hayaonani. Kila tundu limepita bolti yake kwa upana wa kidole.

Abrahamu alikuwapo. Alisema, “Gurudumu ni gurudumu, lipigwe nyundo.” Nilikaa juu ya gurudumu ili asilipige. Nimelikalia hadi basi la Tukuyu lilipompitia na kumchukua.

Zimebaki wiki tano na siku chache. Nifanye nini?

Damari


Iringa
20 Februari 1956

Mama,

Karatasi yako iko mbele yangu ninapoandika. Haijabadilika. Inchi sita na nusu. Magurudumu niliyotuma ni inchi sita na nusu. Vitu viwili vinavyolingana haviwezi kuacha kulingana kwa sababu vimepanda lori.

Kwa hiyo kosa ni la mtu, na mtu huyo ni dereva wako. Alihangaika siku nne kufungua nati, sasa hawezi kuvalisha gurudumu. Mama, wewe ni mtu mpole, naona unavyomtetea. Mfukuze. Tafuta mtu mwenye macho.

Y. Kalinga, Fundi


Iringa
20 Februari 1956

Dada Damari,

Mimi ni Evarista, mke wa Kalinga. Nimeiweka barua hii ndani ya bahasha yake alipokwenda kutafuta stempu, kwa hiyo ukimjibu usimwambie mapema.

Usiumie kwa maneno yake. Amekasirika kwa sababu ameogopa. Usiku hali chakula, anazungusha karatasi yako juu ya meza.

Dada, mimi pia nashona kidogo, nguo za watoto na mashuka ya parokia. Jana niliichukua karatasi yako nikaipeleka dirishani. Ukingo wake umekatwa vizuri mno. Ndani ya ukingo, kuzunguka kote, nimeona kivuli cha chaki iliyofutika njiani. Ni kidogo sana, mwanaume hawezi kukiona.

Naomba nikuulize, na usinicheke. Ulipokata, ulifuata mstari wa chaki? Au uliacha nafasi ya mshono?

Dada yako,
Evarista


Isanga, Mbeya
27 Februari 1956

Dada Evarista,

Niliposoma swali lako nilikaa chini jikoni, palepale kwenye majivu.

Niliitafuta ile karatasi ya kwanza yenye grisi. Nilikuwa nimeifunikia chungu cha chumvi. Nikachora duara jingine kwa chaki kama siku ile, nikachukua mkasi, nikakata bila kufikiri. Halafu nikaangalia mkono wangu ulikopita. Nusu inchi nje ya mstari, kuzunguka kote. Miaka ishirini na miwili mkono huu haujawahi kukata juu ya mstari. Mama aliyenifundisha alikuwa akinipiga vidole kwa rula nikikata juu ya mstari. Nusu inchi huku, nusu inchi kule, imekuwa inchi nzima.

Dada, nimelipimia gari kama mtu anayetaka kulishonea gauni.

Mwambie Fundi yeye hana kosa. Karatasi ilisema uongo, na aliyeikata ni mimi. Nilimwandikia asiwe na wasiwasi kwa sababu kukata karatasi ni kazi yangu! Nikikumbuka sentensi hiyo nataka kuingia chini ya gari.

Na kuna neno jingine ambalo nimelificha, naomba umwambie polepole, akiwa ameshiba. Hawezi kunishauri nimfukuze dereva, kwa sababu dereva ni mimi. Jailos alinifundisha kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, siku ambazo hakukuwa na ng'ombe. Leseni ninayo, ina picha, ndani ya picha nimefumba macho. Sikusema mwanzoni kwa kuwa niliogopa Fundi ataniuzia magurudumu ya mchezo.

Zimebaki wiki tatu na siku chache. Huko Iringa kuna magurudumu yoyote ya inchi tano na nusu?

Damari


Iringa
3 Machi 1956

Kamwene, Mama,

Nilikuwa nimeshiba. Hata hivyo siku ile sikufungua duka.

Nimetukana dereva katika barua tatu, na barua zote tatu nimempa dereva mwenyewe mkononi. Naomba radhi. Mtu aliyefungua nati iliyorukiwa na shemeji yako ni dereva, tena ni fundi.

Unasema kosa ni lako. Si lako peke yako, na sasa nitakuambia jambo ambalo hata Evarista hakuwa akilijua. Ulipoandika kwamba nati za kushoto zimekataa, nilijua pale pale kwamba hizo ni ekseli za jipi. Landrova haina nati za namna hiyo. Nati zako zilinipigia kelele, nami nikasikiliza karatasi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutangaza kwamba mimi ni mtu wa kipimo.

Na kuna baya zaidi. Siku barua yako ya kwanza ilipofika, nilikuwa na magurudumu manne ya jipi humu dukani, inchi tano na nusu, mazima. Nilikuwa nimekutengea. Karatasi yako ilipofika nikasema si yako, nikamwuzia Bwana Marcelino wa Chunya. Nimekuwa nikiinama kila nikipita pale yalipokuwa.

Marcelino huyo huuza maji kwa wachimba dhahabu. Ana mkokoteni wa punda, na mhunzi wake alitengeneza ekseli kulingana na magurudumu yale. Ekseli yake ni bamba bapa la chuma tu. Akitaka, mhunzi anaweza kutoboa matundu matano mapya kwa kila upande na kufunga ya Landrova. Punda hawatajua tofauti. Lakini atataka? Ni mtu anayejipenda.

Natia ndani barua ya kumwomba. Pandisha yale ya Landrova kwenye lori lolote la Chunya uende nayo mwenyewe. Na safari hii usipime kwa karatasi. Beba nati moja ya kushoto mkononi, na gurudumu ulipime kwa macho yako.

Kalinga


Isanga, Mbeya
13 Machi 1956

Fundi Kalinga na Dada Evarista,

Nimetoka Chunya jana. Bado nina vumbi masikioni.

Mkokoteni wa Marcelino una magurudumu mawili, na mawili mengine ameyaweka sebuleni, juu ya zulia, kama viti. Alisoma barua yako, Fundi, akaikunja akaitia mfukoni.

“Kwa hiyo Kalinga aliniuzia mali ya mtu.”

“Hapana, Bwana. Aliniuzia mimi isiyo yangu. Wewe ulipata yako, ila ni yangu.”

Alifikiri sana juu ya hilo. Halafu akasema mkokoteni wake unasifiwa Chunya nzima kwa magurudumu ya Kimarekani, na hawezi kushuka. Nikamwambia ya Landrova ni mapya kuliko yale, na Kimarekani ni cha vita, lakini siku hizi wakubwa wote wanapanda Landrova. Akazunguka tairi moja la Landrova. Akalipiga teke la heshima.

“Na mhunzi wangu nitamwambia nini?”

“Mwambie umepanda cheo.”

Akakubali, kwa sharti nimshonee suruali mbili, kwa kuwa hakuna mshonaji wa Chunya anayemwezea. Niliona sababu nilipompima kiuno. Utepe wangu ni inchi sitini, na ulipozunguka ukabakiza inchi tatu tu. Alivuta pumzi ndani ili abakize nne. Nilimwomba aitoe. Nimeshona zote mbili barazani kwake, kwa cherehani ya mke wake, punda wakiniangalia.

Jana saa kumi alasiri tumefunga gurudumu la kwanza. Liliingia kwa sauti moja tu, kama kikombe kinapowekwa kwenye sahani yake. Nilifunga nati zote tano nikizihesabu kwa sauti, sikujua kama nahesabu hadi jirani aliponijibu “tano.”

Leo mawe manne yamekaa uani bila kazi.

Damari


Tukuyu
16 Machi 1956

Shemeji Damari,

Nasikia gari limepata miguu. Nafurahi kwa ajili yako, lakini nakukumbusha maneno ya kikao ili pasiwe na mabishano mbele ya kaburi la mdogo wangu. Kwenda kanisani na kurudi, kwa nguvu zake lenyewe. Kuvutwa na ng'ombe, hapana. Kusukumwa, hapana, hata kwa kidole. Mzee Asukile ndiye mwamuzi.

Chumba kimepakwa chokaa. Madirisha yamekuwa matatu, kwa sababu mke wangu anasema unahitaji mwanga wa kushonea.

Huku mvua ni kubwa sana. Natumaini na huko.

Shemeji yako,
Abrahamu


Isanga, Mbeya
26 Machi 1956

Fundi Kalinga na Dada Evarista,

Nilitaka kuwaandikia Jumamosi ile ile, lakini nyumba ilijaa wageni. Sasa imetulia.

Mvua ilinyesha Ijumaa kutwa na kucha, ikakatika alfajiri. Gari liliwaka mara ya kwanza. Abrahamu alikuwa amesimama uani na suti ya kanisani, kifuani amekumbatia roli la waya wa kuku. Nilipopanda upande wa usukani aliangalia huku na huku.

“Dereva yuko wapi?”

“Panda, Shemeji.”

Alipanda kwa sababu wazee walikuwa wakiangalia. Kwenda kanisani hatukupata shida yoyote. Abrahamu alisali njia nzima, tena kwa sauti. Tuliweka msalaba. Jina limeandikwa vizuri, na tarehe, na nafasi imebaki ya maua.

Taabu ilikuja kwenye kurudi. Mzee Asukile alisema mwamuzi lazima awe ndani ya kile anachokiamua. Akapanda. Wazee wengine wakasema mashahidi nao ni sehemu ya uamuzi. Wakapanda. Tulikuwa tisa, na waya wa kuku. Kwenye mteremko wa kijito gari lilishuka vizuri, lakini kupanda ng'ambo lilianza kuteleza. Niliwaomba washuke. Wakashuka, mmoja mmoja, wakishikana mikono. Nikajaribu tena. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, tope likaruka, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea majini. Nilikanyaga breki, halikusimama. Nilitazama mbele tu, kama Jailos alivyonifundisha, kwa sababu alisema mtu anayetazama nyuma mlimani anakwenda anakotazama.

Halafu likasimama. Halafu likapanda. Sikuona kilichotokea nyuma yangu.

Tulipofika uani Abrahamu alisimama mbele ya wazee. Alikuwa na tope kutoka paji la uso hadi kwenye tai, na miwani yake ilikuwa na jicho moja tu linaloona.

“Limesukumwa,” alisema. “Mzee Asukile, ilikubaliwa lisisukumwe hata kwa kidole.”

“Limesukumwa na nani?” aliuliza Mzee Asukile.

Wazee wote waliutazama mlima wa Loleza, kana kwamba kuna mtu anashuka.

“Nauliza. Nani alisukuma?”

Mzee Asukile akamgeukia shemeji yangu.

“Abrahamu, wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nyuma.”

“Ukifanya nini huko nyuma?”

“Nilishika tu.”

“Ulishika kwa kuvuta, au kwa kusukuma?”

Abrahamu alivua miwani akaanza kuifuta kwa tai, na tai ilikuwa chafu kuliko miwani. Akasema, “Mzee, gari lilikuwa linarudi majini, na shemeji yangu yumo ndani. Nimemzika Jailos. Ulitaka nihesabu vidole?”

Hakuna aliyecheka, ingawa angeweza. Mzee Asukile akamwambia, “Basi sema mwenyewe hili gari ni la nani.”

Abrahamu alisema, “Ni lake.” Alisema kama mtu anayetapika mfupa, lakini alisema. Halafu akaniambia mlima wa Chunya una kona mbaya, na waya ule wa kuku nifunikie mizigo ili mashati yasiruke. Akauacha kwenye kiti cha mbele. Leo asubuhi nimempeleka stendi kupanda basi la Tukuyu. Aliniomba nisimamishe mbali kidogo na watu, halafu akabadili mawazo akasema nisimamishe katikati.

Jana baada ya ibada nilikaa ndani ya gari peke yangu, injini imezimwa, nikaliangalia kama langu. Jailos alikuwa na miguu mirefu. Kiti cha dereva alikifunga nyuma kabisa, na mimi miaka yote nimeendesha nikiwa nimekalia ukingo, na mto mgongoni, kama mgeni aliyeambiwa akae kidogo. Tangu Juni sikutaka kukigusa, kwa sababu nilihisi yeye ndiye aliyekaa hapo mwisho. Jumamosi kwenye kile kijito mguu wangu ulifika kwenye breki kwa ncha ya kiatu tu.

Fundi, kiti kile kimefungwa sakafuni kwa bolti nne. Nataka kukisogeza mbele inchi tatu. Naomba unieleze nianzie wapi.

Damari Mwambene